Maswali na Majibu ya Wasomaji: Benítez, Sofa na Taa

Tangu kocha Mhispania Rafael Benítez alipokabidhiwa timu ya Panathinaikos ya Ugiriki mnamo Oktoba 2025, akiwa amekwisha kutimiza miaka 65, barua zinazomhusu zimeongezeka katika sanduku letu kuliko tulivyotarajia. Wapo wanaouliza kama ni yule yule wa Istanbul, aliyeipa Liverpool kombe la Ulaya mwaka 2005, wapo wanaodai kwamba alibahatisha usiku mmoja akaishi kwa jina hilo maisha yake yote, na wapo wanaotaka kutatuliwa mabishano ya kijiweni. Tumechagua barua saba na kuzifupisha pale zilipojirudia.

Mhariri, nimesikia kwamba Benítez hakuwahi kucheza mpira wa maana. Iweje mtu wa namna hiyo apewe Liverpool, Inter, Chelsea na hata Real Madrid? — Msomaji, Morogoro

Ulichosikia ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini chanzo chake kinafaa kuelezwa. Benítez alizaliwa Madrid tarehe 16 Aprili 1960, akalelewa katika timu za vijana za Real Madrid, na ndoto yake ilikuwa kuvaa jezi ya timu kubwa kama kijana mwingine yeyote wa pale. Mwaka 1979 alikwenda Mexico kuchezea timu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Hispania katika michezo ya dunia ya vyuo, akaumia goti, na baada ya hapo hakuwa tena mchezaji aliyetarajiwa. Alicheza katika klabu ndogo za Parla na Linares, huku akiwa amesomea shahada ya elimu ya viungo, na mwaka 1986 akarudi Real Madrid kufundisha vijana.

Kwa hiyo alianza ukocha akiwa na umri wa miaka 26, wakati ambao wenzake wa rika lake walikuwa ndio kwanza wanafikia kilele cha uchezaji. Alifundisha timu za chini za klabu hiyo kwa miaka kadhaa, akapata kuwa msaidizi wa Vicente del Bosque, na alikuwa miongoni mwa makocha wa mwanzo wa Hispania kuweka kumbukumbu za mazoezi na mechi kwenye kompyuta, jambo ambalo leo ni la kawaida lakini wakati ule lilichekwa.

Hata hivyo, msomaji wetu asidhani kwamba elimu ilimfungulia milango moja kwa moja. Klabu ya kwanza aliyopewa kuiongoza katika Ligi Kuu, Valladolid, alishinda mechi 2 tu kati ya 23 za ligi akafukuzwa. Aliyofuata, Osasuna ya daraja la pili, ilimvumilia kwa mechi 9. Kocha mwenye rekodi kama hiyo huku kwetu angekwisha kurudi kuuza vifaa vya michezo. Yeye alikubali kwenda Extremadura, klabu ya mji mdogo wa Almendralejo, akaipandisha daraja mwaka 1998, ikashuka mwaka uliofuata, naye badala ya kung'ang'ania kazi akachukua muda wa kutazama mazoezi ya wenzake huko Uingereza na Italia. Aliporudi aliipandisha Tenerife mwaka 2001, na msimu huo huo wa joto Valencia wakamwita. Aliyepewa Liverpool, basi, alikuwa mtu aliyekwisha kufukuzwa mara mbili na kushuka daraja mara moja, na nadhani mapungufu hayo yalimfundisha zaidi kuliko yale mataji ya mwanzo.

Ndugu Mhariri, kuna msemo ninaoukuta mara kwa mara ukihusishwa na kocha huyu kuhusu sofa na taa. Una maana gani? — Msomaji, Mombasa

Msemo huo ni wa mwaka 2003, akiwa Valencia, na ukiuelewa umeelewa nusu ya maisha yake ya kazi.

Valencia aliyoikuta mwaka 2001 ilikuwa imetoka kupoteza fainali mbili mfululizo za Ligi ya Mabingwa chini ya Héctor Cúper, na wengi waliamini kwamba kizazi kile kimekwisha kupitwa na bahati yake. Mwanzo haukuwa mzuri. Mnamo Disemba 2001 timu ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa mabao 2 kwa 0 dhidi ya Espanyol kule Montjuïc, na inasemekana kibarua chake kilikuwa mashakani. Wakarudi wakashinda 3 kwa 2. Ilipofika Mei walikuwa mabingwa wa Hispania kwa mara ya kwanza baada ya miaka 31, wakiwa wameruhusu mabao 27 tu katika mechi 38. Golini alikuwapo Santiago Cañizares, mbele yake Roberto Ayala, katikati David Albelda na Rubén Baraja, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kufanya jambo la kuvutia macho kama jambo rahisi lilitosha.

Sasa, katika kiangazi cha 2003 Benítez aliomba mshambuliaji wa uhakika, na jina lililotajwa sana lilikuwa la Samuel Eto'o, wakati huo akiwa Mallorca. Uongozi ukamletea, pamoja na wengine, kiungo wa Uruguay aitwaye Fabián Canobbio. Benítez akawaambia waandishi wa habari kwamba alikuwa akitarajia sofa, wakamletea taa. Hakumtukana Canobbio. Alikuwa akieleza kwamba taa ni kitu kizuri, lakini mgeni akija hukaa juu ya sofa.

Jambo la ajabu ni kwamba msimu huo wa taa ndio ulikuwa bora kuliko yote: Valencia walitwaa ubingwa wa Hispania tena, wakiruhusu mabao 27 yale yale, na wakachukua Kombe la UEFA kwa kuifunga Marseille 2 kwa 0 mjini Gothenburg. Lakini uhusiano wake na mkurugenzi wa michezo ulikuwa umekwisha kuharibika, na mwezi Juni 2004 aliaga huku machozi yakimtoka mbele ya kamera, akaenda Liverpool. Ukifuatilia kuondoka kwake Liverpool, Inter na Newcastle, utakuta kila mara kuna sofa iliyoombwa na taa iliyoletwa.

Mzee wa safu hii, shikamoo. Mimi nilizaliwa mwaka 2004, nimesimuliwa tu habari za Istanbul. Naomba unieleze hasa nini kilitokea wakati wa mapumziko, maana kila mtu ana hadithi yake. — Kijana wako, Zanzibar

Marahaba, kijana wangu. Hadithi ni nyingi kwa sababu kila aliyekuwa chumbani mle amehojiwa mara mia, lakini yale yanayokubaliana yanatosha.

Ilikuwa tarehe 25 Mei 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Liverpool ya Benítez na AC Milan. Paolo Maldini alifunga katika dakika ya kwanza, Hernán Crespo akaongeza mawili kabla ya mapumziko, na AC Milan ikaenda chumbani ikiongoza 3 kwa 0. Kosa la mwanzo lilikuwa la Benítez mwenyewe: alikuwa amempanga Harry Kewell ashambulie nyuma ya mshambuliaji, akamwacha Dietmar Hamann benchi, na matokeo yake Kaká, kiungo wa Milan, alikuwa akipokea mpira katikati ya viungo na mabeki wa Liverpool bila mtu wa kumgusa. Kewell aliumia mapema akaingia Vladimír Šmicer, ila tundu likabaki pale pale.

Chumbani, Benítez alikuwa na Kiingereza cha mtu aliyekaa nchini mwaka mmoja. Hakupiga kelele. Alimwambia beki wa kushoto Djimi Traoré kwamba anatoka, akaoge, kisha akamwambia Hamann ajiandae. Traoré alikuwa amekwisha kuvua viatu wakati mtaalamu wa tiba alipokuja na habari kwamba Steve Finnan, beki wa kulia, ameumia paja na hawezi kuendelea. Kwa kuwa badiliko moja kati ya matatu yaliyoruhusiwa wakati huo lilikwisha kutumika kwa Kewell, na kocha hakutaka kubaki bila akiba kwa dakika 45 zilizosalia, Finnan akaambiwa atoke yeye, na Traoré akaambiwa avae viatu tena. Ndivyo mtu aliyekuwa anaelekea bafuni alivyorudi uwanjani, akaja kuokoa mpira kwenye mstari wa goli wakati matokeo yakiwa 3 kwa 3.

Ubaoni mabeki wakawa watatu, Hamann na Xabi Alonso wakaziba lile tundu la Kaká, na Steven Gerrard akaruhusiwa kupanda. Kuanzia dakika ya 54 hadi ya 60 mabao matatu yakaingia: kichwa cha Gerrard, shuti la mbali la Šmicer, na penalti ya Alonso ambayo Dida, golikipa wa Milan, aliizuia kisha Alonso mwenyewe akaumalizia mpira uliorudi. Baadaye, Milan walipozidisha krosi za upande wa kulia wa Liverpool kupitia Serginho, Gerrard akahamishiwa huko kucheza kama beki, na nahodha akamaliza fainali ya maisha yake akikimbiza winga.

Katika mikwaju ya penalti golikipa wa Liverpool, Jerzy Dudek, alitikisa miguu kwenye mstari, akiiga alivyofanya golikipa wa zamani wa klabu hiyo, Bruce Grobbelaar, mwaka 1984 kwa ushauri wa Jamie Carragher, akazuia mkwaju wa Andrea Pirlo na ule wa mwisho wa Andriy Shevchenko. Liverpool 3, Milan 2.

Wanaosema alibahatisha wana hoja kidogo, kwa kuwa hakuna kocha anayepanga kufungwa matatu. Lakini aliona kosa lake ndani ya dakika 15 na akalirekebisha bila kuona haya mbele ya wachezaji wake, na mimi katika kufuatilia mpira kwangu kote nimeona makocha wakubwa wakishindwa hilo la kukiri kuliko lile la kupanga. Isitoshe, ndiye aliyekuwa ametwaa Kombe la UEFA mwaka uliotangulia na klabu nyingine. Mwaka uliofuata Liverpool hao hao walikuwa nyuma dhidi ya West Ham katika fainali ya Kombe la FA, wakasawazisha 3 kwa 3, wakashinda kwa penalti.

Mhariri, mimi ni kocha wa vijana. Waingereza walimlaumu sana kwa jinsi timu yake ilivyokaba kona. Je, mfumo ule una kasoro, au ni maneno ya magazeti tu? — Msomaji, Arusha

Swali zuri, nami nitalijibu kama kwa mtu wa uwanjani.

Katika ukabaji wa mtu kwa mtu, kila beki anapewa adui wake: wewe shika namba 9, wewe namba 5. Katika ukabaji wa eneo, aliokuwa akiutumia Benítez, kila mchezaji anapewa kipande cha ardhi. Panga watu wanne au watano kwenye mstari wa eneo dogo la golikipa, kuanzia nguzo ya karibu, na waliobaki mbele yao kuwazuia wanaokuja kwa mbio. Anayelinda kipande chake anautazama mpira, haangalii mgongo wa mtu, na ukija kwenye kipande chake ni lazima aushambulie yeye.

Faida yake ni kwamba adui hawezi kumvuta beki wako mrefu nje ya eneo la hatari kwa kukimbia huku na huko. Hasara yake ni kwamba anayeshambulia anakuja na mbio za hatua tano au sita, na beki aliyesimama anaruka kutoka pale alipo. Kila mfumo una mlango wake wa kuingiliwa, na Benítez alikuwa akijibu hivyo hivyo kwa takwimu za timu yake.

Kilichowaudhi Waingereza, kwa maoni yangu, kilikuwa kitu kingine. Bao la kona likiingia katika mfumo wa mtu kwa mtu, mchambuzi wa televisheni anajua amnyooshee nani kidole: fulani alimwachia mtu wake. Likiingia katika mfumo wa eneo hakuna wa kulaumiwa, basi unalaumiwa mfumo wenyewe, na mfumo ulikuwa wa mgeni. Leo timu nyingi za ligi ile zinachanganya mifumo yote miwili na hakuna anayeandika makala juu yake.

Kama unataka mfano wa kuwaonyesha vijana wako jinsi alivyoithamini mipira iliyosimama, watafutie nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Chelsea, Anfield, tarehe 1 Mei 2007. Dakika ya 22 Gerrard anapiga faulo kutoka kushoto; kila mtu wa Chelsea anasubiri krosi ya juu, naye anatuma pasi ya chini hadi ukingoni mwa eneo la penalti, ambako Daniel Agger anakuja mbio na kuupiga kwa mguu wa kushoto. Mechi ile iliamuliwa kwa penalti, na wakati wachezaji wake wakipiga, Benítez aliketi kwenye nyasi kando ya uwanja, miguu ameikunja kama mtu aliyekaa mkekani akisubiri kahawa. Watu walidhani ni kiburi. Baadaye alieleza kwamba alikuwa anawazuia kuona waliokuwa nyuma yake.

Jambo bwana Mhariri. Sisi wa Lubumbashi tunamkumbuka huyu mtu kwa uchungu wa mwaka 2010. Kwa nini Inter ilimfukuza siku chache tu baada ya kutufunga na kuchukua kombe la dunia la klabu? — Msomaji, Lubumbashi

Jambo sana, na poleni, ingawa hakuna sababu ya kuona haya. TP Mazembe wenu walikuwa wameitoa Pachuca ya Mexico kwa bao 1 kwa 0 na Internacional ya Brazili kwa 2 kwa 0, wakawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kucheza fainali ya mashindano yale, na golikipa Robert Kidiaba akaionyesha dunia nzima namna ya kushangilia kwa kurukaruka akiwa amekaa. Fainali ilichezwa Abu Dhabi tarehe 18 Disemba 2010. Goran Pandev na Eto'o waliumaliza mchezo ndani ya dakika 17 za mwanzo, na Jonathan Biabiany akaongeza la tatu mwishoni. Naam, Eto'o yule yule, sofa ya mwaka 2003, alikuwa amempata hatimaye katika klabu nyingine. Katika kikosi hicho cha Inter alikuwamo pia Mkenya McDonald Mariga, hivyo usiku ule Afrika ilikuwa pande zote mbili.

Kuhusu kufukuzwa: Benítez alichukua mikoba ya José Mourinho, aliyekuwa ametoka kutwaa mataji matatu makubwa katika msimu mmoja, na hakuna kiti kigumu kuliko hicho. Alishinda Kombe la Super la Italia dhidi ya Roma, akapoteza lile la Ulaya kwa Atlético Madrid, na katika ligi timu ikawa inasuasua huku majeruhi wakiongezeka. Wachezaji waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya Mourinho hawakuelewana na mtu anayewafundisha upya mahali pa kusimama. Basi baada ya fainali ya Abu Dhabi, akiwa bado na medali, aliwaambia waandishi kwamba klabu imuunge mkono kwa kusajili wachezaji wanne au watano mwezi Januari, la sivyo wazungumze na wakala wake. Alidhani kombe limempa nguvu ya kudai. Tarehe 23 Disemba waliachana, na nafasi yake akapewa Leonardo.

Mhariri, nieleze jambo moja: kwa nini mashabiki wa Chelsea walimzomea mtu aliyewapa kombe, na wa Newcastle wakamwimbia mtu aliyeshuka nao daraja? — Msomaji, Nakuru

Kwa sababu mashabiki hawahesabu makombe kama mhasibu anavyohesabu.

Chelsea walimchukua mnamo Novemba 2012 baada ya kumfukuza Roberto Di Matteo, aliyewapa Ligi ya Mabingwa miezi sita tu kabla. Benítez alikuwa amebishana na Chelsea kwa miaka yote ya Liverpool, na maneno aliyowahi kuyasema juu ya bendera zinazogawiwa kwenye viti vya Stamford Bridge hayakusahauliwa. Mechi ya kwanza alizomewa kabla mpira haujaanza. Dakika ya 16 ya kila mchezo uwanja ulimwimbia Di Matteo, kwa namba aliyokuwa akiivaa alipoichezea klabu hiyo. Cheo chake kiliandikwa kocha wa muda, na mwezi Februari 2013 alilalamika hadharani kwamba neno hilo la muda lilikuwa kosa la klabu. Halafu mwezi Mei akawapeleka Amsterdam, Branislav Ivanović akaifunga Benfica kwa kichwa katika dakika za majeruhi, Chelsea ikatwaa Ligi ya Europa kwa mabao 2 kwa 1 na kumaliza ya tatu katika ligi. Akaaga kistaarabu akaenda Napoli, ambako alitwaa Kombe la Italia mwaka 2014 na Kombe la Super la nchi hiyo.

Real Madrid, klabu ya utoto wake, ilimwita mwaka 2015, na hapo ndipo nadhani alipewa nyumba iliyojaa sofa tupu bila nafasi ya kupitisha mguu. Kufungwa na Barcelona 4 kwa 0 nyumbani mwezi Novemba kulimjeruhi. Kisha klabu ikaondolewa katika Kombe la Mfalme kwa kumchezesha Denis Cheryshev dhidi ya Cádiz wakati alikuwa na adhabu ya kadi kutoka msimu uliopita. Mechi yake ya mwisho ilikuwa sare ya 2 kwa 2 tarehe 3 Januari 2016, katika uwanja wa Mestalla, ule ule wa Valencia alikojijengea jina. Kesho yake Zinedine Zidane akakabidhiwa timu.

Miezi miwili baadaye alikuwa Newcastle, imebaki mechi 10 na timu iko ya pili kutoka mkiani. Alishindwa kuiokoa. Lakini katika mechi ya mwisho, daraja likiwa limekwisha kupotea, waliifunga Tottenham 5 kwa 1 na uwanja mzima ukamwimbia abaki. Mtu aliyekuwa Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, mwezi Januari angeweza kuondoka bila lawama. Alibaki, akacheza daraja la pili, akalitwaa mwaka 2017 kwa pointi 94, moja zaidi ya Brighton, na msimu uliofuata akamaliza wa 10 katika Ligi Kuu. Watu wa mji ule walikuwa na ugomvi mrefu na mmiliki wa klabu, Mike Ashley, na katika Benítez walimwona mtu anayeomba kile kile wanachokiomba wao. Mkataba wake ulipomalizika mwezi Juni 2019 bila makubaliano, alikwenda Dalian nchini China.

Swali lako lina ncha ya tatu ambayo hukuiuliza, nayo ni Everton. Mtu aliyeipa Liverpool kombe la Ulaya, aliyewahi kuiita Everton klabu ndogo mwaka 2007, alikubali kuwafundisha watani hao wa jadi mnamo Juni 2021. Kabla hata hajasaini, bango lilitundikwa karibu na nyumbani kwake Wirral likisema kwamba wanajua anapoishi na asisaini. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuziongoza klabu zote mbili kabla yake, William Edward Barclay, katika karne ya 19. Alifukuzwa Januari 2022 baada ya kufungwa na Norwich. Hata hivyo, anayetaka kumhukumu Benítez kama mtu asiye na moyo na mji ule akumbuke kwamba alipoondoka Liverpool mwaka 2010 alitoa pauni 96,000 kwa chama cha familia za mashabiki wa Liverpool waliofariki katika msongamano wa uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, pauni 1,000 kwa kila marehemu aliyehesabiwa wakati huo.

Ndugu Mhariri, kwa kifupi: Athens ni mji mgeni kwake? — Msomaji, Mwanza

Si mgeni hata kidogo. Tarehe 23 Mei 2007 alipoteza hapo fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa akiwa na Liverpool, dhidi ya AC Milan ile ile, kwa mabao 2 kwa 1. Filippo Inzaghi alifunga la kwanza kwa mpira uliomgusa tu baada ya faulo ya Pirlo, na Liverpool walicheza vizuri kuliko walivyocheza Istanbul. Dakika ya 78 Benítez alimtoa Javier Mascherano, aliyekuwa amemfunga Kaká mfukoni, akamwingiza Peter Crouch kutafuta bao. Dakika ya 82 Kaká, akiwa huru, alimpenyezea Inzaghi pasi, na likawa la pili.

Miaka miwili nyuma alikuwa ameziba tundu lile lile kwa kumwingiza Hamann.